Duka la Mgeni: Tunahifadhi Nini Tunapohifadhi Mtaa wa Biashara?

Miji mingi ya mwambao wa Afrika Mashariki ina sehemu ambayo zamani ilikuwa bandari na leo ni mahali pa kutembelewa. Meli zimehamia gati jipya, majahazi yamepungua, lakini majumba ya wafanyabiashara yamebaki: milango ya nakshi, maghala, baraza za mawe, ofisi ya forodha. Serikali huyaandikisha majumba hayo kuwa urithi wa taifa, wataalamu huyapima na kuyachora, watalii huyapiga picha. Ni wachache wanaouliza kama kuyatunza ni jambo jema. Karibu kila mtu anakubali kwamba ni jema.

Insha hii haipingi utunzaji huo. Inauliza swali linalofuata: mtu akishakubali kwamba mtaa wa kale wa biashara unastahili kuhifadhiwa, je, ana wajibu gani kwa watu wanaofungua maduka leo? Nina sababu mbili za kuuliza. Ya kwanza ni kwamba mitaa ile tunayoiheshimu ilijengwa, kwa sehemu kubwa, na wageni: watu waliotoka ng'ambo, wengine wakiwa na mali na wengine mikono mitupu, wakapanga chumba, wakaweka bidhaa mlangoni. Ya pili ni kwamba sisi tunaosoma na kuandika Kiswahili hapa Dzaleka tunaishi chini ya sheria inayoamua mgeni afungue duka wapi na asifungue wapi.

Nitatetea hoja hii: anayehifadhi duka la mgeni aliyekufa amekwisha kukubali kwamba kuna jema katika mgeni kufungua duka, na hawezi kulikubali jema hilo kwa marehemu peke yao. Nitaanza na Mombasa, ambako hoja inaonekana rahisi. Kisha nitakwenda Nkhotakota, kwenye ufuo wa ziwa hapa Malawi, ambako inakutana na pingamizi gumu. Mwisho nitaileta Lilongwe.

Bandari ya kale ya Mombasa

Mji wa Kale wa Mombasa uko upande wa mashariki wa kisiwa, kando ya mkono wa bahari. Mlangoni mwake imesimama Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Kutoka hapo, barabara iitwayo Ndia Kuu (kwa Kimvita njia ni ndia) hupita kati ya nyumba za mawe kuelekea bandari ya kale, palipokuwa na forodha na ofisi za serikali ya kikoloni. Kwa karne nyingi majahazi yalifika hapo kwa upepo wa kaskazi kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi, yakileta tende, chumvi, mazulia na nguo. Kusi ilipovuma yalirudi na boriti za mikoko, pembe za ndovu, nafaka na samli. Baina ya upepo mmoja na mwingine mabaharia na wafanyabiashara walikaa mjini kwa miezi. Baadhi yao hawakurudi kwao. Walioa, wakafungua maduka.

Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Bandari ya kina kirefu ikajengwa Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, na kufikia 1926 meli kubwa zilikuwa zikifunga gatini huko. Bandari ya kale ikaachiwa majahazi. Kwa kuwa biashara kubwa ilihama, hakuna aliyeona faida ya kubomoa nyumba za zamani ili kujenga mpya, na ndiyo sababu mojawapo ya mtaa kubaki kama ulivyo.

Nyumba zenyewe zinaeleza habari ya wenyewe. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimeshikwa na boriti, chini ni duka au ghala na juu ni makazi. Roshani za mbao zinazoning'inia juu ya njia zina mkono wa mafundi wa Kihindi, milango ina nakshi za Kiswahili, Kiarabu na Kihindi. Waliokaa humo walikuwa Waswahili wa Mvita, Wahadhrami, Waomani, Wabaluchi, Mabohora, Maismailia na Wahindu kutoka Kachi na Gujarati. Mtu akiuliza mtaa huu ni wa kabila gani, hapati jibu la neno moja.

Pembezoni mwa Mji wa Kale ipo Barabara ya Biashara, maarufu kwa leso. Hapo ndipo lilipo duka lililoanzishwa na Kaderdina Hajee Essak mwaka 1887, mtu ambaye watu walimwita Abdulla, na leso zake zikawa na alama ya "Mali ya Abdulla". Yeye hutajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa waliotia maneno ya Kiswahili kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20. Tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Leo mwanafunzi wa fasihi simulizi akitaka kuchunguza methali, mafumbo na vijembe vya wanawake, hawezi kuziacha leso. Sehemu ya hazina hiyo ya lugha yetu ilipitia kaunta ya mgeni aliyetaka kuuza kitambaa. Alipata faida yake, na wanawake wa mji wakapata mahali pa kusemea waliyoshindwa kuyatamka.

Mfano mwingine ni Alidina Visram. Alitoka Kachi na kufika Bagamoyo akiwa bado mtoto, umri wa miaka 12 hivi. Aliajiriwa, akajifunza kazi, halafu akaanza kufungua maduka yake, moja baada ya jingine, kufuata njia ya misafara na baadaye njia ya reli hadi Uganda. Alikufa mwaka 1916, na Mombasa ipo shule ya sekondari yenye jina lake. Tukimtaja leo tunamtaja kama mwanzilishi. Lakini siku aliposhuka jahazini alikuwa mtoto wa nchi nyingine asiye na mali.

Kilichofanya watu hawa waweze kuuza ni nini? Mawe na boriti hayatoshi kuwa jibu. Kiswahili cha biashara kina msemo mzuri: mali kauli. Ni mali unayopewa ukauze kwanza, ulipe baadaye, na dhamana yako ni neno lako tu. Mwenye ghala humpa mwenye duka, mwenye duka humpa mchuuzi, mchuuzi humkopesha mama wa nyumbani mpaka mwisho wa mwezi. Mtaa wa biashara ni mnyororo wa kauli. Mgeni anaingia katika mnyororo huo siku ile mwenyeji mmoja anapomwamini, na mtawala anapomruhusu kukaa.

Kwa hiyo naona tabaka tatu katika duka la kale. La juu ni jengo, ambalo macho huliona. Chini yake kuna biashara, yaani kuaminiana na kukopeshana. Na chini kabisa kuna ruhusa: mtu fulani mwenye mamlaka alikubali kwamba huyu wa kuja apange, anunue, ajenge kwa mawe, amwachie mwanawe. Uhifadhi hushughulika na tabaka la kwanza. Lakini bila la tatu, la kwanza lisingekuwapo.

Je, si uzuri tu tunaohifadhi?

Hapa mtu anaweza kunikatiza. Atasema: "Sisi tunahifadhi uzuri wa majengo na ufundi wa mafundi. Hatutoi hukumu yoyote kuhusu wageni wala biashara. Hekalu la kale linaweza kuhifadhiwa na mtu asiyeiamini dini yake."

Pingamizi hili lina nguvu, ila halilingani na jinsi tunavyozungumza. Vibao, vitabu vya shule na hotuba za viongozi kuhusu miji hii havisifu mawe peke yake. Vinasifu kukutana kwa watu. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na sababu mojawapo ni kwamba unaonyesha jinsi tamaduni za Afrika, Uarabuni, India na Ulaya zilivyochanganyika kwa muda mrefu. Hiyo si sifa ya chokaa. Ni sifa ya kimaadili kwa jamii iliyoweza kuishi na mgeni. Anayetoa sifa hiyo kuhusu jana amekwisha kutamka kipimo, na kipimo kikishatamkwa kinaipima leo pia.

Isitoshe, uzuri wenyewe hautengani na kazi. Baraza ya mawe ni nzuri kwa sababu watu walikaa hapo wakapatana bei. Mlango ni mpana kwa sababu magunia yalipita. Ukiviondoa vyote hivyo unabaki na ganda.

Pingamizi la Nkhotakota

Pingamizi gumu zaidi linatoka karibu nasi. Katikati ya karne ya 19, Salim bin Abdallah, mfanyabiashara kutoka pwani, alijikita Nkhotakota na kuanzisha utawala wa akina Jumbe. Nkhotakota ilikuwa bandari. Majahazi yalivusha watu na pembe za ndovu hadi ng'ambo ya mashariki ya ziwa, na kutoka huko misafara ilishuka kwa miguu kuelekea Kilwa. Watu hao hawakuwa abiria. Walikuwa watumwa. Kaskazini, karibu na Karonga, Mlozi naye alijenga ngome zake na kupigana na wenyeji na Waingereza mpaka alipokamatwa na kunyongwa mwezi wa Desemba 1895.

Kwa hiyo Kiswahili kilifika kwenye ziwa hili kabla yetu, na kilifika kikiwa na bunduki na minyororo. Mwenyeji wa Malawi akisema, "Wageni wenye lugha hiyo walikwisha kufungua biashara hapa, na tuliiona," atakuwa anasema kweli. Na Mombasa haina usafi wa kujivunia mbele yake. Pembe za ndovu zilizojaza maghala ya pwani zilibebwa mabegani, na wengi wa wabebaji hawakuulizwa kama wanataka. Tunawataja wenye nyumba za mawe. Mahamali, watumwa na mabaharia hawakuacha nyumba.

Je, hoja yangu inaanguka hapa? Nadhani inarekebishwa, haianguki. Nkhotakota inatufundisha kwamba si kila biashara ya mgeni ni jema, na kwamba kuhifadhi bila kusema ukweli ni kusema uongo kwa mawe. London ilijifunza jambo hili polepole. Gati za West India Docks zilifunguliwa mwaka 1802 kupokea hasa sukari iliyolimwa na watumwa katika visiwa vya Karibi. Bandari hiyo ilipokufa, ghala moja la sukari likafanywa jumba la makumbusho, lililofunguliwa mwaka 2003. Mwaka 2007 likafungua ukumbi wa kudumu unaoeleza uhusiano wa London na sukari na utumwa. Nje yake ilisimama sanamu ya Robert Milligan, mmoja wa waanzilishi wa gati hizo na mmiliki wa watumwa. Iliondolewa mwezi wa Juni 2020. Ghala lilibaki, lakini sasa linasema lilikuwa ghala la nini.

Basi kipimo changu kiwe sahihi zaidi. Biashara ya mgeni ni jema pale mwenyeji anapoweza kusema hapana akasikilizwa, na mgeni naye anapoweza kusema hapana akasikilizwa. Mlozi alishika bunduki. Wenyeji wake hawakuweza kumkatalia. Hilo ndilo kosa, wala si ugeni wake.

Sasa tumtazame mgeni wa leo. Mwenye duka kutoka Burundi, Rwanda au Kongo mashariki hana bunduki. Hana ardhi, hana kura, na karatasi yake ya hifadhi haimpi haki ya kukaa apendapo. Uwezo umegeuka: sasa ni yeye asiyeweza kusema hapana. Tena wengi wetu tunatoka katika nchi ambazo misafara ile ile ilizivuruga. Tippu Tip alikuwa na makao yake Kasongo, huko Maniema, na Kiswahili cha Kongo mashariki kilienea kwa sehemu kwa nyayo za misafara hiyo. Kwa hiyo anayemwona muuza duka Mkongomani kuwa mrithi wa Mlozi amekosea mtu. Huenda huyo ni mjukuu wa aliyebebeshwa pembe.

Nsungwi na Dzaleka

Sasa turudi nyumbani, kama neno hilo linafaa. Nsungwi ni mtaa wa Area 25 mjini Lilongwe. Hauna milango ya nakshi. Una maduka ya matofali na mabati yaliyopangana: sukari na chumvi zilizopimwa katika vifuko vidogo, sabuni za vipande, mafuta ya kupikia, unga, vitenge, vocha za simu. Wakimbizi walikuwa miongoni mwa waliopanga na kuuza huko, kama walivyofanya katika mitaa mingine ya Lilongwe na katika vituo vya biashara vya vijijini.

Sheria haikuwapendelea. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini iliweka masharti yanayozuia baadhi ya haki, zikiwamo za kufanya kazi na za kutembea kwa uhuru. Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la kisiasa wakati wa utawala wa Dkt. Hastings Kamuzu Banda. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000. Kwa miaka mingi sheria ilisema kambini, na maisha yalisema sokoni. Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi wote walio nje ya kambi warudi kufikia tarehe 15 Aprili, na mwezi wa Mei askari wakaanza kuwakusanya. Maduka yakafungwa, na familia zililetwa Dzaleka zikiwa na kile zilichoweza kubeba.

Hapa kuna ulinganisho unaonisumbua. Ngome ya Yesu nayo ilikuwa gereza, tangu 1895 hadi 1958. Mwaka 1960 ikawa jumba la makumbusho. Mahali pa kifungo pakawa mahali pa kukumbukia kifungo. Dzaleka ilikuwa gereza, halafu wakafikia humo watu ambao hawajahukumiwa kwa kosa lolote. Sisemi kambi ni gereza. Kuna shule, kuna soko ambako wakulima wa Dowa huja kuuza mahindi na nyanya na kununua vitenge, na kuna tamasha la Tumaini, ambalo tangu 2014 limekuwa likiwavuta Wamalawi kuja kusikiliza muziki pamoja nasi. Wenyeji na wageni wanafanya biashara humu kila siku. Kinachokosekana si kuaminiana. Kinachokosekana ni lile tabaka la tatu, ruhusa.

Tuwe waadilifu pia kwa mwenye duka Mmalawi. Hofu yake si uovu. Anasema: wageni wananunua bidhaa kwa pamoja kwa bei ya jumla, wanakubali faida ndogo, wanafungua mapema na kufunga usiku, na mimi mwenye leseni nashindwa kulipa pango. Anauliza kwa nini nchi maskini ibebe mzigo ambao nchi tajiri zinaukwepa. Maswali hayo ni ya haki, na yanahitaji jibu la sheria: leseni kwa wote, kodi kwa wote, na ukaguzi wa mizani kwa wote. Ila hayahitaji kufukuza. Ukishindwa na jirani kwa bei, unaweza kudai mashindano ya haki. Huwezi kudai jirani asiwepo. Na mnunuzi naye ni mwenyeji. Mama wa Nsungwi aliyekuwa akinunua sukari ya kwacha chache hakuulizwa na mtu.

Historia ya hapa hapa inaonyesha kwamba kufukuza hakumalizi jambo. Katika miaka ya 1970 serikali ya Banda iliwataka wafanyabiashara wa asili ya Asia waache maduka yao ya vijijini na wabaki katika miji mikubwa. Hoja ilikuwa ile ile: wananchi wapate nafasi. Leo sehemu ya zamani ya Lilongwe, penye maduka mengi ya watu wa asili hiyo, huonekana kuwa sehemu ya kawaida ya mji. Uganda ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na mali zao zikawekwa chini ya bodi iliyoitwa mlinzi wa mali hizo. Ukipita katika barabara kuu ya Jinja, mji wa bandari kwenye Ziwa Viktoria, utaona juu ya maduka ya zamani majina ya Kihindi na miaka ya ujenzi yaliyochorwa kwa saruji. Jina lilibaki ukutani, mwenye jina akaondoshwa. Nadhani hiyo ndiyo picha kamili ya uhifadhi usiokuwa na haki.

Jembe la siku ya tatu

Wanaotaka mgeni arudi kambini hupenda methali isemayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huitumia kumaanisha kwamba ukarimu una mwisho. Tuisome tena polepole. Methali inadokeza vitendo viwili. Mgeni anatakiwa alime, hilo ni la kwanza na halina ubishi. Lakini jembe linatoka wapi? Mwenyeji ndiye anayeambiwa ampe. Methali haisemi siku ya tatu mfungie, wala siku ya tatu mwongezee mgao wa unga. Inasema apewe chombo cha kazi, ili aache kuwa mgeni wa kulishwa na awe mtu wa kutegemewa. Tangu 1994 ni zaidi ya miaka 30. Siku ya tatu ilipita zamani. Mgeni aliyenyimwa jembe halafu akalaumiwa kwa kula bure ametendewa kinyume cha methali.

Na mgeni naye ana deni. Ajifunze Chichewa, alipe kodi anapoelekezwa njia ya kuilipa, asipunguze mizani, amfundishe kazi kijana Mmalawi aliyemwajiri hadi aweze kufungua duka lake mwenyewe. Mgeni anayefunga mlango nyuma yake baada ya kuingia hawezi kulalamika akifungiwa. Ninaamini wageni wa Mombasa walipewa nafasi katika kumbukumbu ya mji kwa sababu walitoa kitu: leso, shule, kazi. Wasiotoa kitu tunawakumbuka pia, lakini kwa namna tunavyomkumbuka Mlozi.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kuhifadhi mtaa wa biashara ni kuhukumu. Tunapoandika kwenye kibao kwamba mahali hapa watu wa mataifa mengi waliuza na kununua kwa amani, tunasema hilo lilikuwa jema. Kama lilikuwa jema kwa Mhadhrami wa Ndia Kuu, haliwezi kuwa kosa la asili kwa Mrundi wa Nsungwi. Anayesema ni kosa anapaswa kuonyesha tofauti ya haki kati yao, na tofauti hiyo isiwe tu kwamba mmoja amekufa na mwingine yu hai, au kwamba mmoja alikuja na shehena na mwingine alikuja akikimbia risasi. Aliyekimbia risasi, kama kuna tofauti, ana dai kubwa zaidi.

Lipo jambo moja la mwisho ambalo linatuhusu sisi wanafunzi. Matumbawe na chokaa hudumu miaka 200. Mabati ya kupanga hayadumu hata 20, na duka lililofungwa kwa amri haliachi jina ukutani. Urithi wa mawe ni urithi wa waliopewa ruhusa ya kujenga kwa mawe. Wataalamu wa baadaye wakitafuta mtaa wa biashara wa wakimbizi wa Lilongwe kwa kupima kuta, hawatauona, watadhani haukuwapo.

Kwa hiyo napendekeza kazi ambayo haihitaji fedha wala kibali. Wanafunzi wa Kiswahili waandike mitaa hii sasa, ya Nsungwi na ya kambini: majina ya maduka na maana zake, bidhaa na vipimo vyake, bei, maneno ya kupatana bei katika Kiswahili kilichochanganyika na Chichewa, Kirundi na Kinyarwanda, na taratibu za mali kauli kati ya Mmalawi na mgeni. Waulizwe pia wenye maduka wa Kimalawi waliotaka wageni waondoke, na wanunuzi waliotaka wabaki, kila mmoja kwa maneno yake na bila kutajwa jina asilotaka litajwe. Walimu wetu wanaweza kuipa kazi hiyo nafasi kati ya tasnifu za fasihi simulizi. Kumbukumbu hiyo haitafungua duka hata moja, na sidai itafungua. Itazuia tu mtu kusema, miaka 50 ijayo, kwamba hapakuwa na mtaa wa kuulizia.